Mlimani na Chama: Nani Alimfundisha Nani?

Novemba 1968 malori yalipangwa Mlimani tayari kwa Rag Day. Desturi hiyo ilitoka vyuo vya Uingereza: wanafunzi wanavaa matambara, wanapanda malori na kuzunguka mjini wakiomba senti za kusaidia maskini, kwa vicheko na mayowe. Mwaka ule mambo yaliharibika. Wanafunzi wenzao walitoa upepo kwenye matairi na kuuziba msafara. Hoja yao haikuhitaji kurasa nyingi: wewe unayesomeshwa kwa jasho la mkulima, unapata wapi ubavu wa kuvaa matambara yake kwa mzaha? Mabishano yalikuwa makali, na Rag Day ikafia hapo.

Watu wakizungumzia siasa za chuo kikuu huwaza maandamano, mabomu ya machozi na uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Lakini siasa huingia chuoni kwa milango midogo zaidi: utani upi unaruhusiwa, Jumapili asubuhi mtu anakwenda wapi, kitabu gani kinaazimwa mpaka jalada linachanika. Ikishakaa huko, kufika kwenye mtaala ni suala la muda tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kinafaa kutazamwa kwa jicho hilo, maana hakuna chuo katika ukanda huu kilichoishi na siasa chumba kimoja kwa muda mrefu namna hiyo.

Waliotoa upepo matairi walikuwa wa USARF, umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kushoto ulioanzishwa 1967. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Ndani yake walikuwemo Issa Shivji wa sheria, Karim Hirji wa hisabati, Henry Mapolu, na Zakia Meghji ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Hawakuwa wengi. Wanafunzi walio wengi Mlimani walikuwa kama wanafunzi wa kokote: walitaka digrii, kazi serikalini na gari la mkopo. Ila wachache wale walikuwa wakisoma kuliko wenzao, wakiandika kuliko wenzao, na hawakuchoka kubishana. Chuo huyumba kuelekea upande wa watu wa namna hiyo, hata wakiwa kumi na watano.

Chuo chenyewe kilizaliwa nyumbani kwa chama. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya uhuru, wanafunzi 14 wa sheria walianza masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Digrii zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Yaani tangu siku ya kwanza paa lilikuwa la TANU na joho la Mwingereza, na ugomvi wa vitu hivyo viwili ulikuwa unasubiri siku yake. Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, nje kidogo ya mji, na huko ndiko kilikopata jina ambalo watu hulitumia mpaka leo.

Siku ya ugomvi ilifika 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wahitimu wote watakwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, na kwa sehemu kubwa ya muda huo watalipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, na kwenye mabango yao kulikuwa na lile lililosema kwamba enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Ni vigumu kufikiria kauli mbaya zaidi ya kumpelekea Julius Nyerere mlangoni, miaka mitano baada ya uhuru. Mwalimu aliwasikiliza, hasira zikampanda, akawaambia kama ni mishahara basi yeye ataanza na wa kwake. Akaukata kwa asilimia 20. Kisha akawarudisha makwao, karibu vijana 400. Miongoni mwao alikuwemo Samuel Sitta, ambaye baadaye alikuja kuliongoza Bunge.

Wapo wanaosimulia kisa hicho kama ushindi wa Mwalimu dhidi ya vijana wenye tamaa, na wapo wanaokisimulia kama mwanzo wa kuuvunja uhuru wa chuo. Pande zote zina haki kidogo. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba baada ya maandamano yale dola iliacha kukitazama chuo kama shule ya watoto wake na ikaanza kukitazama kama mahali pa kuchunga. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, uliitishwa mkutano wa kujadili nafasi ya chuo kikuu katika Tanzania ya kijamaa. Kutoka kwenye mijadala ya miaka ile likazaliwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa udaktari au wa fizikia: Masomo ya Maendeleo. Taasisi yake ilianzishwa 1973.

Ni rahisi kulicheka somo hilo leo. Lakini itikadi ile ile iliyolileta ilileta na mambo ambayo hakuna anayetaka kuyarudisha. Idara ya Kiswahili ilianzishwa 1970 na kufundisha Kiswahili kwa Kiswahili, jambo ambalo kabla ya hapo lingeonekana kichekesho kwenye chuo cha hadhi ya London. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Ebrahim Hussein, kijana aliyesomea sanaa za maonyesho hapo hapo, akachapisha Kinjeketile mwaka 1969. Katika Idara ya Historia, chini ya Terence Ranger na baadaye Isaria Kimambo, Mwafrika alitoka kwenye maelezo ya chini ya ukurasa na kuwa mtendaji wa historia yake. Kitabu cha Kimambo na Temu kuhusu historia ya Tanzania kilitoka 1969, na wino haujakauka, wenzao wa upande wa mwanahistoria Walter Rodney wakaanza kuwauliza: huyo Mwafrika mnayemsifu ni chifu au ni mtwana? Wako wapi wakulima na wafanyakazi?

Hapo ndipo ninapopaona Mlimani ikiwa chuo kikuu kwelikweli. Walioshindana wote walikuwa na mwelekeo, na hakuna aliyejifanya kwamba hana upande. Mtu alisimama Nkrumah Hall akiwa na upande unaojulikana, akashambuliwa na wenye upande mwingine, na kesho yake wakakutana kwenye foleni ya chakula. Museveni aliandika tasnifu yake kuhusu nadharia ya Frantz Fanon juu ya matumizi ya nguvu baada ya kufika na wenzake katika maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO kuipima nadharia kwa watu wanaoiishi. Mimi si shabiki wa yale yaliyofuata Kampala tangu alipotwaa madaraka Januari 1986, lakini kama utafiti wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, sioni wengi leo wanaofika mbali hivyo.

Jumapili asubuhi, wenzao wakiwa kanisani au wamelala, watu wa USARF walikuwa darasani wakijisomea wenyewe: Marx, Lenin, Nkrumah, Fanon. Hakukuwa na mtihani wala alama. Rodney, aliyekuja kwanza 1966 akaondoka na kurudi 1969, alikaa nao kama mwenzao. Mwishoni mwa 1969 walianzisha jarida, wakaliita Cheche. Lilipigwa taipu kwenye stensili, likarudufiwa kwa mashine ya kuzungusha, likauzwa kwa bei ya mwanafunzi. Toleo maalumu la 1970 lilibeba insha ndefu ya Shivji, wakati huo akiwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya sheria, kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimya kimya nchini. Alichosema hakikuwa matusi. Alichukua mashirika yaliyotaifishwa, akaonyesha jinsi makampuni ya nje yalivyorudi kupitia mikataba ya ubia na ya usimamizi, akauliza: kama faida bado inatoka nje na maamuzi yanafanywa na maofisa wachache, mfanyakazi amepata nini?

Novemba 1970 USARF ikapigwa marufuku, na Cheche pamoja nayo. Hoja ya wakubwa ilikuwa kwamba Tanzania inajenga ujamaa wake wenyewe na haihitaji itikadi za kuazima, na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha. Wanaodhani kwamba tatizo la vyuo ni wasomi wa kushoto au wasomi wa kulia wangetulia kidogo juu ya tukio hili. Waliofungiwa walikuwa wajamaa. Aliyewafungia alikuwa mjamaa. Kosa lao lilikuwa kuchukua maneno ya chama kwa uzito kuliko chama chenyewe kilivyotaka.

Serikali ile haikuwa ya rangi moja, hata hivyo. Desemba 1969 gazeti la chama, The Nationalist, lilimshambulia Rodney kwenye tahariri baada ya hotuba iliyosikika kama kuhamasisha mapinduzi dhidi ya serikali za Afrika zilizo madarakani. Kwingineko angepewa saa ishirini na nne. Yeye aliendelea kufundisha mpaka 1974, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyodumaza Afrika kilichapishwa na Tanzania Publishing House, shirika la umma, kwa pamoja na wachapaji wa London. Dola iliyomkemea ndiyo iliyomchapisha. Warithi wa Cheche nao waliendelea na MajiMaji, jarida la tawi la vijana wa TANU, na ukali wao haukupungua sana.

Wanafunzi wa kawaida ndio waliojua rungu lilipo. Mwaka 1970 Mlimani ilipokuwa chuo kikuu kamili, Makamu Mkuu wa Chuo aliteuliwa Pius Msekwa, moja kwa moja kutoka kwenye ukatibu mtendaji wa TANU. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa wanafunzi, alimwandikia barua ya wazi akilalamikia uongozi wa kibabe. Miezi michache kabla, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, uliowakataza viongozi kuwa na majivuno na ubabe, na wanafunzi wakaunukuu kama Waislamu wanavyonukuu aya. Jibu lilikuwa polisi wa FFU. Akivaga alichukuliwa chuoni kwa mtutu na kurudishwa Kenya. Madarasa yakasusiwa. Kwa vijana wengi hilo ndilo lilikuwa somo lao halisi la maendeleo.

Baada ya hapo chama kilitoka kwenye mijadala kikaingia kwenye fomu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba mtu haingii chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari. Kwanza afanye kazi, kisha alete na mapendekezo ya kazini kwake na ya chama kuhusu tabia yake. Nia ilikuwa njema kwenye karatasi: msomi aijue kazi kabla ya kuisomea. Lakini idadi ya wasichana ilishuka, kwa sababu msichana aliyeambiwa asubiri miaka miwili kijijini au kazini mara nyingi hakurudi tena kwenye daftari, na ikabidi baadaye wao walegezewe sharti hilo. Kuhusu barua ya tabia, msomaji ajaze mwenyewe. Kijana anayejua kwamba sahihi ya mwenyekiti wa tawi ndiyo inayomfungulia mlango wa chuo, hufika chuoni akiwa amekwisha kujifunza jambo moja kubwa kabla ya mhadhara wa kwanza.

Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza za maslahi ya wabunge na mawaziri. Walifukuzwa kwa mamia. Tofauti na 1966, waliokuwa wakitetea mkulima dhidi ya wenye vyeo ndio waliofukuzwa. Jumuiya yao, DUSO, ikafutwa, na mahali pake pakawekwa MUWATA, iliyokuwa chini ya mikono ya chama. Kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata mwanafunzi wa Mlimani hakuwa na chombo ambacho angeweza kukiita chake.

Hasira ilitafuta mahali pengine pa kutokea, na pakapatikana ukutani. Karatasi zisizo na jina zilibandikwa usiku, zenye michoro na maneno makali. Mwandishi wake alijulikana kama Mzee Punch. Wapo wahitimu wa zamani wanaomkumbuka kwa kicheko, kwa jinsi alivyowasema wakubwa. Ila Punch aligundua mapema kwamba kumsema mkubwa kuna hatari, na kumsema msichana wa mwaka wa kwanza hakuna. Wanafunzi wa kike waliokataa wanaume, au waliothubutu kujibu, walichorwa uchi ukutani na kutengwa: aliyeonekana akizungumza nao naye alichorwa. Februari 1990 mmoja wao alijiua. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa na umri wa miaka mitatu tu, kilililia suala hilo magazetini mpaka likashindikana kufukiwa, na Punch akapigwa marufuku.

Sitaki kudai kwamba marufuku ya DUSO ndiyo iliyomzaa Punch, maana udhalilishaji wa wanawake una mizizi ya kwake na wanaume waliobandika zile karatasi walikuwa na akili zao timamu. Lakini chuo ambacho hakuna anayesema neno kwa jina lake mwenyewe huwa shamba zuri la watu wa aina hiyo. Mwaka huo huo, Aprili, wahadhiri kupitia jumuiya zao, UDASA ikiwemo, walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Na tarehe 12 Mei 1990 serikali ya Rais Mwinyi ikakifunga chuo kizima baada ya migomo na maandishi ya ukutani yaliyomdhihaki Rais. Kilifunguliwa Januari mwaka uliofuata. Karatasi zilizomdhihaki Rais zilifunga chuo. Zilizomdhihaki binti wa watu zilidumu miaka.

Vyama vingi vilirudi 1992, na ungetegemea Mlimani iwake moto. Iliwaka, kwa namna yake. DARUSO ilikuwa imeshachukua nafasi ya MUWATA, CCM ina shirikisho lake la wanavyuo, CHADEMA ina CHASO, na kampeni za urais wa wanafunzi zina mabango kuliko kata nyingi. Ila mada zilibadilika. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi 2005, migomo mingi imekuwa ya bumu, yaani fedha za mkopo: limechelewa, limekatwa, fulani kapata asilimia mia na mwenzake wa kijiji kimoja kapata sifuri. Sidharau hilo, mwenye njaa hasomi. Lakini mwanafunzi ambaye dola ndiyo inayompa chakula cha kila wiki hupima maneno yake dhidi ya dola. Kwa upande wa masomo kuna semista fupi, darasa la mamia, hofu ya sapu na ya kudisko. Katika ratiba hiyo hakuna Jumapili ya kumsoma Fanon bila alama. Kuna madesa, na madesa hayana upande.

Badiliko kubwa zaidi limetokea kwa walimu. Rais John Magufuli, mwenyewe mhitimu wa shahada ya uzamivu ya kemia kutoka Mlimani, aliwapenda wasomi kuliko mtangulizi wake yeyote, na aliwapenda wakiwa kwake. Palamagamba Kabudi alitolewa Shule ya Sheria: mwaka 2017 aliteuliwa mbunge na kisha Waziri wa Katiba na Sheria. Mwaka huo huo Kitila Mkumbo, mhadhiri wa elimu aliyekuwa mshauri wa ACT-Wazalendo, alifanywa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji. Mei 2018 Bashiru Ally, mhadhiri wa sayansi ya siasa, akawa Katibu Mkuu wa CCM. Maprofesa na madaktari wengine wakasambazwa wizarani na mikoani. Hakuna ubaya wowote wa msomi kuitumikia nchi yake. Ubaya unakuja pale mhadhiri aliyebaki anapoanza kusoma taarifa ya Ikulu ya jioni kwa makini kuliko majarida ya fani yake, na kuandika makala yake huku akikumbuka kwamba mteuzi naye anasoma.

Na yule asiyetaka uteuzi alikuwa na sababu nyingine za kuwa mwangalifu. Julai 2018 Twaweza, ambayo ni taasisi ya kiraia, ilitoa utafiti uliosema wanaoridhika na utendaji wa Rais wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi asilimia 55. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ikaiandikia ikitaka maelezo ya kibali. Miezi michache baadaye Sheria ya Takwimu ikarekebishwa na kufanya kosa kutoa takwimu zinazopinga za serikali, kifungu kilicholegezwa 2019 baada ya kelele nyingi. Mtafiti mwenye mke na watoto hahitaji kuonywa mara mbili. Anabadilisha mada, anakwenda kwenye ufugaji wa nyuki.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa 2008 kwa ajili ya taaluma za umajumui wa Afrika. Wa kwanza kukikalia alikuwa Issa Shivji: kiti chenye jina la Rais ambaye serikali yake ililifungia jarida lililochapa insha yake. Kila mwaka Nkrumah Hall ilijaa tena kwa siku kadhaa, wanafunzi wakakaa hadi kwenye ngazi. Bashiru Ally alitoka kwenye duara hilo hilo la Kigoda, la watu waliokuwa wakizungumzia wavuja jasho, akaenda kukishika chama cha wenye mamlaka huko Lumumba, mtaa ule ule kilikozaliwa chuo.

Ukatibu Mkuu wake uliisha 2021. Novemba 2022, akiwa mbunge wa kuteuliwa, alizungumza Morogoro na wakulima wadogo wa MVIWATA. Aliwaambia waache kuwa watu wa kushukuru na kusifu viongozi, wajisimamie na kudai wanachostahili. Kwa mhadhiri wa sayansi ya siasa hayo ni maneno ya wiki ya kwanza ya muhula. Kwa chama chake yalikuwa uasi: makada walipanda majukwaani mmoja baada ya mwingine kumshutumu, wapo waliomtaka aurudishe ubunge. Kati ya wahadhiri wenzake wa zamani, waliojitokeza hadharani kulijadili lile alilolisema, kwa hoja, kwa kulikubali au kulipinga, walikuwa wachache sana.